Taarifa ya Robo ya Tatu

Mheshimiwa Mkurugenzi,
salamu kutoka Newala, ofisi ya ustawi wa jamii,
chumba cha pili baada ya stoo ya mbegu.
Uliagiza tubane matumizi. Tumebana.

Karatasi tunachapa pande zote mbili,
na pembeni ikibaki nafasi, hapo naandika mahudhurio.
Chai ya saa nne tumeifuta;
Mzee Nandonde, mlinzi, anakuja na yake kwenye chupa
na hamkaribishi mtu.
Pikipiki zilikuwa mbili, imebaki moja,
na hiyo moja imelala tangu Maulidi, inadai tairi.
Kwa hiyo mafuta tumeokoa yote.

Hili nalo ni la kweli, usilipite:
orodha ya kijiji kimoja cha bondeni
ilikuwa na marehemu kumi na mmoja
waliopokea ruzuku kila baada ya miezi miwili,
wakisaini kwa mwandiko mmoja uliolalia kushoto.
Mwandiko ule niliujua.
Mwenyewe nilimla ubwabwa harusini kwake.
Nikaandika jina lake, usiku sikulala.
Fedha ile imerudi. Hiyo naiita akiba,
bila kutafuna maneno.

Kisha ikaja mashine ya alama za vidole.
Foleni ya siku tatu ikawa ya asubuhi moja.
Kina mama wa Kitangari waliipigia vigelegele,
nami nilijiona kidogo, nisikufiche.

Mpaka Somoe Hamisi Nantende.
Miaka thelathini na miwili amebangua korosho,
kwanza kiwandani, na kiwanda kilipofungwa, uani kwake,
akizikaanga kwenye debe lililokatwa,
mafuta ya maganda yakimla ngozi taratibu
hata ncha za vidole zikawa laini kama mgongo wa kijiko.
Akaweka cha shahada. Taa nyekundu.
Akaweka gumba. Nyekundu.
Akavifuta kwa kanga, akavitemea mate,
akaviweka vyote kumi, kimoja kimoja,
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu.
Mashine ikaandika: MHUSIKA HAYUPO.
Aliyekuwa nyuma yake akaisoma kwa sauti.
Somoe akanigeukia:
"Hayupo nani, mwanangu?"

Amerudi mara nne.
Elfu tatu kuja, elfu tatu kurudi,
na kijana wa bodaboda hajui habari za mfumo.
Piga hesabu nawe, kalamu unayo:
ametumia elfu ishirini na nne
kuifuata elfu thelathini na mbili
ambayo hajaishika.

Jina lake sasa limehamia safu ya kulia,
"Fedha Zilizookolewa."
Safu hiyo ina watu hamsini na wawili.
Kumi na mmoja ni wale marehemu wa bondeni.
Arobaini na mmoja wanapumua.
Tumeongoza mkoa. Barua ya pongezi imefika,
imechapwa upande mmoja.

Mheshimiwa, sijui jambo hili lina fomu gani.
Gharama sikuiona ikifa.
Niliiona ikishuka ngazi zetu imejitanda kanga,
ikatafuta bodaboda, ikaenda Kitangari
kulala na njaa kwa mtu.

Basi nimelitoa daftari la zamani, lile la jalada jekundu,
nimelipangusa vumbi.
Tairi nimenunua mwenyewe; risiti siambatanishi.
Jumanne nitakuwa Kitangari toka alfajiri.
Mwenyekiti wa kitongoji atakaa kulia, majirani wawili kushoto,
nao watasema "Ndiye,"
kwa jina, kwa sura, kwa kikohozi chake,
na kwa ile kesi ya mbuzi ambayo hakuna aliyeisahau.
Utambuzi huo hauli umeme wala bando.

Tafadhali uwapunguze hao arobaini na mmoja
kwenye akiba yetu.
Nafasi ya kwanza wapewe Tandahimba.

Wako mtiifu,
Bakili Chitanda, karani.

Nyongeza: Mzee Nandonde anauliza habari za chai.